Mfuko umetoboka? Twende Udzungwa!

KIJANA wa mjini ukimtajia habari za kutalii, picha inayomjia kichwani ni moja tu: mzungu mwenye kaptura ya kaki, gari lenye paa la kufunguka, na hoteli ambayo bei yake ya usiku mmoja ni kodi ya chumba cha Manzese kwa miezi sita. Anakata tamaa papo hapo. Wikiendi ikifika anaishia Coco kutafuna mihogo na kuhesabu meli zinazosubiri kuingia bandarini.

Mimi nasema hapana! Ipo Tanzania nyingine ya kijani kibichi, yenye mvua, maporomoko na wanyama ambao hawapatikani kona nyingine yoyote ya dunia, na unaweza kuifikia kwa hela ambayo wengine wanaimaliza kwa Ijumaa mbili za muziki na kuku wa kuchoma. Naizungumzia milima ya Udzungwa, kule kwenye mpaka wa Morogoro na Iringa. Nimekwenda na nimerudi, miguu ninayo yote miwili, na deni la mtu sina.

Ila msomaji wangu, nikutahadharishe mapema. Kusafiri kwa hela ya mawazo ni elimu. Kuna mahali pa kubana na kuna mahali pa kuachia. Ukibana pasipobanwa, ujue kuna mtu mwingine anakulipia bila wewe kumwona. Somo hilo tulipewa Mang'ula, mbele ya sahani za wali na maharage. Tulia, nitalifikia.

MSAFARA WENYEWE

Tulikuwa wanne. Mimi na shoga yangu Zuu, ambaye porini kwake kulikuwa kwenye kalenda ya ukutani tu. Upande wa wanaume alikuwepo Side, kijana mpole anayebeba mizigo ya watu bila kuombwa. Wa nne ni jamaa ambaye jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika, kwani sote tunamwita Benki Kuu. Si kwamba ana hela, la hasha. Tunamwita hivyo kwa sababu hela ikishaingia kwake, kutoka lazima kikao kikae.

Tulimkabidhi ukatibu na uhasibu. Kila mmoja alitoa shilingi 170,000 kwa siku nne, naye akanunua daftari la kurasa 48 na kalamu mbili, moja ya akiba. Kila soda iliandikwa. Kila bajaji iliandikwa. Zuu alipoomba hela ya karanga, aliulizwa za nini.

Kwenda wanne haikuwa kwa ajili ya kampani tu. Gharama za msituni nyingi ni za kugawana: chumba wanalala wawili, mwongozaji ni mmoja kwa kundi, bajaji ni ileile awe mtu mmoja au watatu waliobanana. Ukienda peke yako, hayo yote unayabeba kwa mgongo mmoja.

KWA NINI UDZUNGWA

Wengine watauliza, kwa nini huko na si Serengeti? Jibu ni rahisi. Serengeti bila gari huendi kokote, na gari ndilo linalokula hela. Udzungwa hakuna gari. Ndani ya hifadhi hiyo yenye kilomita za mraba 1,990, unatembea kwa miguu yako uliyopewa na Mungu. Awe tajiri mwenye dola, awe kapuku mwenye noti zilizokunjamana, wote wanapanda mlima uleule kwa jasho lilelile. Huo ndio usawa ninaoupenda mimi.

Hifadhi ilizinduliwa mwaka 1992. Msitu wake unaanzia chini kabisa bondeni, kiasi cha mita 250 kutoka usawa wa bahari, unapanda bila kukatika mpaka kwenye vilele vya juu. Kilele kirefu kuliko vyote, Luhombero, kina mita 2,576. Watu wa sayansi wanaiweka milima hii katika kundi la Tao la Mashariki, pamoja na Usambara, Uluguru na milima mingine inayoanzia Taita kule Kenya. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu wake, unagonga milima, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Kazi hiyo imefanyika kwa mamilioni ya miaka, na kwa vile misitu hii ilikaa mbalimbali kama visiwa, kila mmoja ukazaa viumbe wake.

Ndiyo maana Udzungwa kuna mbega mwekundu anayepatikana katika milima hiyo na misitu ya jirani yake tu. Kuna sange wa uso wa kijivu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga wa kuazima, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2008. Na wale vyura wa Kihansi waliovuma hadi vijiweni, wanaozaa badala ya kutaga, nao asili yao ni korongo la milima hiyohiyo. Walionekana mara ya kwanza mwaka 1996, wakapelekwa Marekani kutunzwa mwaka 2000 baada ya maji ya korongo kuelekezwa kwenye umeme, mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini wamekwisha, na mwaka 2010 wakaanza kurudishwa nyumbani kwa ndege. Chura kapanda ndege kwenda na kurudi, wewe hata Morogoro hujafika!

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha kwale. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini huko milimani. Wakala chakula cha jioni. Katika kuangalia sufuria, wakaona miguu ya ndege imebaki chini, na miguu ile hawakuifahamu. Kumbe wamekula ndege ambaye vitabu vyote vya dunia havimjui! Mwaka 1994 akatangazwa rasmi kuwa kwale wa Udzungwa. Sayansi ilianzia jikoni, bwana.

KUFIKA KWAKE

Tuliondoka Dar es Salaam mwezi Agosti 2024, kwa treni ya umeme mpaka Morogoro. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Kiti kizuri, dirisha safi, na Benki Kuu alifurahi kwa sababu ndani hakuna wauza karanga wa kumharibia hesabu.

Morogoro ukishuka unachukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu, na hapo ndipo akili ya mjini inapohitajika. Wapiga debe watakupokea begi kabla hujashuka. Mmoja alituapia kwa mama yake mzazi kwamba basi lake ndilo la mwisho kwenda Ifakara siku hiyo. Tulikunywa chai, tukala chapati, tukahesabu mengine mawili yakipakia. Usilipe nauli kwa mtu asiye na kitabu cha tiketi, na uulize kwanza abiria wawili watatu wanalipa ngapi. Sisi tulilipa 14,000 kila mtu hadi Mang'ula.

Na hapa nakupa siri ya bure. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Kaa dirishani, funga mdomo, fungua macho! Tuliona twiga, pundamilia, swala wengi kama mbuzi wa kijijini, na tembo watatu wakinywa maji kwa starehe zao. Kando ya barabara kuna vibao vya faini kwa dereva atakayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Side alivisoma kwa sauti, basi zima likacheka. Hiyo ni safari ya wanyama ndani ya nauli ya basi, na hakuna anayekudai nyongeza.

Mikumi mjini basi linakata kushoto. Hapo ndipo mandhari inapoanza kubadilika. Mnateremka kuelekea Kidatu, mnavuka Ruaha Mkuu, mnaingia kwenye mashamba ya miwa yasiyo na mwisho. Upande wa kulia kunasimama ukuta wa kijani, mrefu, uliovaa mawingu kama kilemba. Zuu akauliza, "Ule nao ni mvua inakuja?" Mama mmoja kiti cha nyuma akamjibu, "Ile ndiyo Udzungwa, mwanangu. Mvua inaishi pale."

Ipo pia njia ya reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Inapita Mang'ula yenyewe. Wapenzi wa treni watakuambia hakuna njia tamu kama hiyo, lakini ratiba zake zimekuwa za kuyumba, kwa hiyo nenda kwanza stesheni ukaulize kabla hujafunga begi.

KULALA NA KULA

Mang'ula si mji, ni kijiji kilichonyooka kandokando ya barabara. Hoteli za wenye dola zipo chache karibu na geti. Sisi tulielekea kwenye gesti za wenyeji. Chumba 20,000, kitanda kimoja kikubwa, chandarua kisicho na tundu (tulikikagua kwa tochi!), na ndoo ya maji ya kuoga. Wawili wawili, kila mtu 10,000. Chandarua ni lazima. Hili ni bonde la Kilombero, mbu wake hawana utani.

Chakula ndicho kilichotushangaza. Msomaji, wewe unayenunua mchele dukani kwa kubembeleza, kule uko nyumbani kwake! Bonde la Kilombero ni ghala la mpunga. Wali unanukia kabla haujapakuliwa. Ukiongeza perege au kambale wa mtoni, mchicha na ndizi mbivu ya mwisho wa sahani, unaondoka umelipa hela ambayo Posta ungepata maandazi na chai ya rangi. Ushauri wangu ni mmoja: kula wanapokula madereva wa bodaboda. Watu hao hawali pabaya na hawalipi pakubwa.

Usiku wa kwanza hatukulala vizuri, si kwa sababu ya kitanda. Saa nne za usiku, kutoka upande wa msitu, ulitoka ukelele kama wa mtu anayenyongwa, ukapanda, ukapanda, ukakatika. Zuu alinishika mkono karibu auvunje. Akaanza kusoma dua zote anazozikumbuka. Asubuhi mwenye gesti alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni perere, mnyama wa mtini asiyezidi ukubwa wa sungura! Mwili mdogo, mdomo mkubwa. Wapo na watu wa namna hiyo mitaani kwetu.

BENKI KUU NA NJIA YA UANI

Sasa tufike kwenye lile somo.

Jioni ileile tulipofika, wakati tunakula kwa mama lishe mmoja karibu na barabara, alikuja kijana mchangamfu, fulana ya mpira, ndala mguuni. Akatuamkia, akaketi bila kukaribishwa. Akasema amesikia tunakwenda kwenye maporomoko. Akashusha sauti. Eti tusihangaike na geti, kwani geti ni la wazungu. Yeye anaijua njia ya nyuma, anapita kwenye mashamba, anatokea majini. Buku tano kwa kichwa, hakuna kiingilio, hakuna mwongozaji, hakuna risiti.

Macho ya Benki Kuu yaliwaka kama taa za lori. Alishafungua daftari. Alishaanza kutoa na kujumlisha. "Tunaokoa zaidi ya nusu," akatunong'oneza. Mimi nikamwambia sipiti njia nisiyoijua na mtu nisiyemjua, tena kwenye msitu wenye tembo na nyati. Zuu akaniunga mkono, Side akanyamaza. Benki Kuu akasema wanawake waoga. Mjadala ukapamba moto.

Mama lishe alikuwa anapakua. Hakuwa anaonekana kusikiliza. Akaweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia Benki Kuu bila hasira yoyote.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa chini ya mlima huu. Zamani tulikuwa na siku yetu ya kuingia kuokota kuni kavu. Wakatukataza. Leo nikionekana mle na ukuni mmoja kichwani, nakamatwa. Sasa ninyi mmetoka Dar na simu zenu, mnataka kupita uani?"

Pale mezani palipoa. Yule kijana wa fulana alikumbuka ghafla kwamba anaitwa nyumbani.

Mama alitueleza taratibu, huku akituongezea maharage bila kutoza. Ni kweli, msomaji. Hifadhi ilipoanza, wanakijiji wa upande huu wa mashariki waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa ili msitu upumzike. Kwa mkubwa wa ofisini huo ni mstari mmoja kwenye karatasi. Kwa mwanamke wa kijijini ni kila siku ya maisha yake: moto utawaka na nini? Wengine walipanda miti yao mashambani, wengine wananunua mkaa, wengine wanapikia pumba za mpunga. Yeye alituonyesha milingoti aliyoipanda nyuma ya kibanda. Hakusema anaupenda uamuzi ule. Alisema maji ya mto bado yanatiririka mpaka shambani kwake, na kwamba ikiwa yeye kalipa, basi na mgeni alipe.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ambayo haikuwemo kwenye daftari. Maji ya milima ile yanamwagilia mpunga tunaoula na miwa tunayotilia kwenye chai. Yanaingia kwenye mito inayozungusha mitambo ya Kidatu yenye megawati 204 na ya Kihansi yenye megawati 180. Simu yako unayoichaji Sinza, sehemu ya umeme wake imeanzia kwenye mawingu yale. Msitu unabaki umesimama kwa sababu kuna watu wanaoishi jirani yake waliojinyima. Wewe ukija kupunguza gharama kwa kukwepa geti, hujaokoa kitu. Umeihamishia bili kwa mama lishe.

Benki Kuu alifunga daftari. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alilipa bila kuuliza chenji.

GETINI MPAKA JUU

Asubuhi tulikwenda getini kama watu wenye kwao. Na hapa nataka kila kijana asikie: raia wa Tanzania halipi bei ya mgeni! Wageni wanalipa kwa dola, tena makumi. Sisi tulilipa kwa shilingi, na kiingilio cha mtu mmoja kwa siku hakikufika bei ya chipsi kuku na soda mbili za Kinondoni. Beba kitambulisho cha taifa, maana bila hicho utaanza kujieleza. Malipo ni kwa kadi au simu, kwa hiyo weka salio mapema.

Juu ya hapo unalipia mwongozaji, na hilo si la hiari. Tulipogawana wanne, ilikuwa hela ya kawaida tu. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa palepale, na wa pili alikuwa askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo. Side aliiangalia ile bunduki, akaomba kutembea karibu nayo.

Njia zipo za kila mguu. Kuna fupi ya kama kilomita moja kwenda kwenye poromoko lililopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyekuja kuzindua hifadhi mwaka 1992. Hata mwenye kitambi anafika. Ipo ya Sonjo, ya saa mbili. Ipo ya Mwanihana, kilomita 38, siku tatu na kulala humohumo, hiyo waachie wenye mapafu. Sisi tulichagua ya Sanje, inayoanzia kijiji cha Sanje, ambako tulifika kwa bajaji. Ni kama saa nne kwenda na kurudi, kwa mtu asiyesimama kila mara kupiga picha. Zuu alisimama kila mara.

Ukiingia tu, jua linazimwa. Juu kuna dari la majani, chini kuna kiza cha kijani na harufu ya udongo uliolowa. Mivule na mikangazi imesimama na mizizi yake imetanuka kama kuta. Hondohondo wanapita juu kwa kishindo cha mabawa utadhani feni bovu. Mbega wekundu walitutazama kutoka matawini, nywele zimesimama kama waliotoka kuamka. Mwongozaji alituonyesha kinyesi cha tembo cha usiku uleule, bado kibichi. Hapo hata Benki Kuu alinyamaza.

Njiani alitusimulia habari ya mangabei wa Sanje. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia msituni humu mlio wasioutambua, kama wa bata mzinga aliyekasirika. Wenyeji hawakushangaa. Walikuwa na jina lake kabisa, n'golaga. Tena mtoto wa mnyama huyo alikuwa anafugwa kijijini Sanje, amefungwa kamba! Dunia ikaandika kwamba amegunduliwa. Mwongozaji akacheka, akasema, "Dada, sisi tulikuwa tunamfukuza shambani."

Mlima ni mkali, sikufichi. Magoti yalitetemeka, jasho likaniingia machoni. Lakini ukifika, maneno yanakwisha. Sanje anashuka kwa ngazi tatu, jumla mita 170, anayapita kwa urefu yale maghorofa pacha ya Posta. Maji ya baridi yanaruka, upinde wa mvua unakaa palepale kama pambo. Ukigeuka nyuma, bonde lote la Kilombero limelala miguuni kwako, miwa na mpunga mpaka macho yachoke. Tulioga kwenye dimbwi mwongozaji alipotuonyesha ni salama. Zuu, yule aliyemwogopa perere, alikataa kutoka majini.

DAFTARI LA BENKI KUU

Haya, wale wa hesabu. Hivi ndivyo kila mmoja wetu alivyotumia kwa siku nne na usiku tatu, yakiwemo mapito mawili ya hifadhini, Sanje na ile njia fupi:

Treni Dar–Morogoro, kwenda na kurudi: 26,000
Basi Morogoro–Mang'ula, kwenda na kurudi: 28,000
Bajaji na bodaboda: 12,000
Gesti, usiku tatu: 30,000
Chakula na maji: 40,000
Hifadhi na mwongozaji, siku mbili: 24,000
Jumla: 160,000

Elfu kumi zangu zilizobaki nilizigeuza mchele kilo nne, mama alifurahi kuliko ningemletea picha. Kumbuka bei hizo ni za Agosti 2024. Zinapanda bila kubisha hodi, kwa hiyo uliza upya kabla hujatoka.

BEBA HIVI, ACHA HIVI

Nenda kati ya Juni na Oktoba, kukiwa kukavu. Masika ya Machi mpaka Mei njia zinateleza kama mlenda. Vaa viatu vilivyokwishazoea mguu wako. Viatu vipya ni adhabu. Suruali ndefu na soksi ndefu, uzichomekee, kwa sababu siafu hawajui wewe ni msanii wa mjini. Usishike shike majani hovyo, upupu upo, na ukikuwasha utacheza muziki usio na mpigaji. Beba koti la mvua hata kama jua linawaka, tochi, maji lita mbili, na mfuko wa kurudisha takataka zako. Manukato acha nyumbani. Spika ya muziki iache hukohuko na manukato. Perere anatosha.

Kuhusu pesa, bana kila unachoweza upande wako. Lala gesti, kula kwa mama lishe, panda basi la kawaida, gawaneni bajaji. Lakini geti usilikwepe, na mwongozaji usimbembeleze kwa shilingi elfu mbili kama unanunua nyanya. Yule ndiye anayejua tembo amelala upande gani. Mkimaliza, mpeni chochote cha asante mkononi. Sisi mlango wa kuagana Benki Kuu mwenyewe ndiye aliyekusanya, elfu mbili mbili, akaongeza ya kwake moja zaidi.

Nilipochungulia daftari, nikaona hakuiandika.